Masharti ya Dawa

Bibi yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa amekaa barazani kwake Kilwa Kivinje, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, uso umevimba hadi macho yamekuwa madogo. "Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "wewe umesoma. Hebu niambie, nilikosea wapi?"

Alikuwa anazungumzia chupa. Ilikuwa chupa ya plastiki ya kawaida, imebandikwa karatasi yenye picha ya goti jekundu na orodha ya maradhi inayoyatibu. Niliyahesabu: kumi na manne. Maumivu ya magoti, mgongo, kiuno, miguu kuwaka moto, ganzi, presha, kisukari, vidonda vya tumbo, na kuendelea hadi chini. Aliinunua mnadani kwa kijana mwenye gari na kipaza sauti.

Magoti ya Bibi yamemtesa zaidi ya miaka kumi. Amelima mihogo, amebangua korosho, amebeba maji kichwani tangu usichana wake. Hospitali walishamwambia kwamba magoti yamesagika, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu na kumshauri apunguze kazi nzito. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye wa kumsaidia. Bibi alirudi nyumbani na bahasha yake ya vidonge, akaendelea kulala nusu usiku.

Kisha ikaja chupa. Siku ya tatu baada ya kuanza kuinywa, alitembea hadi sokoni kununua samaki bila mkongojo. Mtaa mzima ulimwona. Wanawake wanne wakamfuata kumwuliza, naye akawaelekeza kwa yule kijana. Alinunua chupa ya pili, ya tatu, ya nne. Mwezi wa tatu uso ukaanza kuvimba, akawa na kiu isiyokata, anaamka usiku kwenda chooni mara tano. Ngozi ya mikono ikawa laini, ikigongwa kidogo inaacha doa jeusi. Fedha zilipomwishia akaacha dawa ghafla, na ndani ya siku chache akalegea, akatapika, akashindwa kunyanyuka. Maumivu yalirudi yakiwa makali kuliko mwanzo.

Mama mdogo alipiga namba iliyoandikwa kwenye chupa. Kijana alikuwa na adabu zote. Aliuliza swali moja tu: "Mgonjwa amekula nini?"

Maana dawa ilikuwa na masharti. Asile pweza. Asiguse ndimu. Asichanganye na dawa za hospitali. Asimweleze mtu mwingine kipimo anachokunywa. Na Bibi, harusini kwa jirani, alikuwa amekula vipande viwili vya pweza. Kijana akasikitika pamoja nasi, akasema basi dozi yote imeharibika, itabidi aanze upya.

Ndiyo maana ya lile swali. Bibi hakuniuliza kama dawa ilikuwa ya uongo. Aliniuliza yeye amekosea wapi.

*

Hospitali walimlaza. Daktari aliitazama chupa, akainusa, akasema bila kuipeleka maabara hawezi kuapa kilichomo. Lakini uso ule, sukari iliyopanda, ngozi ile, na ule udhaifu uliokuja baada ya kuacha ghafla, vyote vilimwelekeza kwenye jambo moja: kuna mtu alikuwa ametia steroidi ndani ya mitishamba.

Alitueleza taratibu. Steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, ni dawa halali na huokoa maisha. Huzima uvimbe haraka, kwa hiyo goti lililovimba hutulia na mtu hutembea. Ila ikinywewa kwa miezi bila uangalizi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, hufungua mlango wa maambukizi. Mbaya zaidi, mwili wenyewe hutengeneza homoni ya aina hiyo, na ukiletewa kutoka nje kila siku huacha kutengeneza yake. Mtu akikatisha ghafla, mwili hubaki mtupu. Anaweza kufa. Kwa hiyo mtu wa aina hii hupunguziwa dozi kidogo kidogo, chini ya daktari.

Hili si jambo la Kilwa peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo juu ya bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama virutubisho vya asili kwa watu wenye maumivu ya viungo. Vipimo vya maabara vilikuta deksamethasoni na diklofenaki ndani yake, na hakuna hata moja iliyotajwa kwenye lebo. Waliougua huko walikuwa na simulizi moja na ya Bibi: nafuu ya ajabu, kisha uso kuvimba, kisha mwili kuanguka walipoacha.

Hayo yote nilimweleza Bibi siku alipotoka wodini. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema: "Sawa. Lakini pweza nilikula."

Nikajua kwamba maelezo ya daktari yalikuwa yamejibu swali jingine, siyo la kwake. Lake lilikuwa la zamani zaidi. Ni nani aliyetufundisha kwamba dawa ikishindwa, mwenye kosa ni mgonjwa?

*

Hospitali ya wilaya pale Kivinje watu huiita Kinyonga. Jina hilo linatokana na mwembe. Wenyeji wanaukumbuka kama Mwembe Kinyonga, mti ambao Wajerumani waliwanyongea wapiganaji wa Maji Maji. Kila anayepelekwa kutibiwa pale anapita katika jina lenye historia ya dawa iliyoshindwa kazi.

Kisa kilianza kwa maumivu ya kweli. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha watu wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Maakida na majumbe walisimamia, askari walipiga. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba "hamsa ishirini" likawa neno linaloeleweka na kila mtu. Malipo yalikuwa madogo mno. Aliyekuwa shamba la serikali hakuwa shambani kwake, na mwisho wa msimu njaa ilimsubiri nyumbani. Wamatumbi, watu wa vilima vilivyo kaskazini-magharibi mwa mji wa Kilwa, hawakuhitaji kuelezwa maana ya mgongo kuuma.

Mwaka 1904, huko Ngarambe katika bonde la Rufiji, magharibi mwa vilima vya Matumbi, alitokea Kinjeketile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba alipandwa na pepo Hongo, akaingia kwenye kidimbwi, watu wakamlilia kwamba amekufa maji, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Akaanza kutoa dawa: maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Watu walinyunyiziwa, wengine wakanywa, wengine wakaibeba katika vibuyu.

Mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka nchi hii katika miaka ya 1960, akakusanya simulizi za wazee waliokumbuka vita. Kutokana na kazi kama yake tunajua kwamba misafara iliyokwenda Ngarambe haikutafuta kinga ya risasi pekee. Watu walikwenda kutafuta afya, mavuno, usalama wa mashamba dhidi ya wanyama, hata kukutana na wazee wao waliofariki. Ndiyo maana maofisa wa Kijerumani waliposikia habari zile mwanzoni hawakushtuka sana. Mganga anagawa dawa, watu wanapanga foleni; kuna la ajabu gani?

Kisha ikaongezwa ile ahadi tunayoikumbuka: risasi za Mzungu zitageuka maji. Nayo ilikuja na masharti. Mpiganaji asilale na mwanamke. Asipore mali ya mtu. Ashike miiko yote aliyopewa na wajumbe wa dawa, ambao nao waliitwa mahongo.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa pamba. Vita vikaenea hadi Liwale, Mahenge na Ungoni. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani Mohoro, vita vikiwa havijamaliza wiki mbili. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Mahenge, wakiielekea bunduki ya rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Kisha Gavana von Götzen akaamuru vijiji na maghala ya chakula yachomwe, na njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Sasa angalia kilichosemwa na walionusurika pale mtu wa kwanza alipoanguka. Wengi hawakusema kwamba dawa haikufanya kazi. Walisema marehemu alivunja mwiko. Alilala na mwanamke. Alipora. Kwa hiyo wa pili alikwenda mbele, na wa tatu, kila mmoja akiamini kwamba yeye ameshika masharti vizuri zaidi. Maji yalikuwa na kinga moja ya hakika: yalijikinga yenyewe dhidi ya ushahidi.

Simwiti Kinjeketile tapeli. Hakuna ushahidi kwamba alitaka utajiri, na alilipa kwa shingo yake. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwa na sababu ya kupigana upande mmoja, na vita vile viliilazimisha Ujerumani kufikiri upya namna ya kutawala. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alichapisha tamthilia yake Kinjeketile, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Mganga katika tamthilia hiyo anatambua uzito wa neno alilolitoa, lakini anakataa kuwatamkia Wajerumani kwamba maji ni uongo, kwa kuwa anajua watalitumia tamko hilo kuwaambia wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Naielewa heshima ya ukimya huo mbele ya mnyongaji. Lakini mbele ya mgonjwa ukimya huohuo una maana nyingine kabisa.

*

Ni rahisi kwa msomi wa leo kufikia hapa na kutikisa kichwa: watu wa kale, ushirikina, wangejuaje? Basi tutoke Ngarambe twende Berlin, miaka kumi na minne nyuma.

Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari, Robert Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Koch hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyegundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Novemba 1890 alichapisha taarifa zaidi, lakini akakataa kueleza dawa ile imetengenezwa na nini. Ilikuwa siri. Wagonjwa walijaa kwenye treni za kwenda Berlin, wengine wakiwa mahututi. Hoteli zilifurika watu wanaokohoa.

Miongoni mwa waliokwenda kutazama alikuwemo daktari mmoja kijana wa Kiingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa hadithi za Sherlock Holmes. Alirudi akiandika kwa tahadhari kwamba dawa haijathibitishwa. Januari 1891 Rudolf Virchow alionyesha matokeo ya kupasua maiti za waliochomwa sindano ile: ugonjwa haukuwa umekufa, na kwa baadhi yao ulikuwa umesambaa. Koch akalazimika kusema kilichomo. Ilikuwa ni majimaji ya gliserini yaliyotolewa kwenye vimelea vyenyewe. Leo tunaitumia tuberkulini kupimia tu, kuona kama mtu amewahi kuambukizwa. Haitibu.

Na ilipoonekana haitibu, utetezi ulisemaje? Kwamba wagonjwa walichelewa. Kwamba dawa inafaa hatua za mwanzo tu. Berlin nako mgonjwa alikuwa amekula pweza wake.

Mwaka 1897 Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam, akafanya utafiti wake wa malaria pale ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga hospitali ya Wazungu ufukweni. Jengo hilo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road ya leo. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akiwachoma sindano wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Iliwapa nafuu ya muda. Baadhi yao walipofuka. Katikati ya safari hizo, mwaka 1905, mwaka uleule ambao Kinjeketile alinyongwa Mohoro, Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Siwalinganishi ili kusema wote ni sawa. Kugundua kimelea cha kifua kikuu ni jambo kubwa, na tuzo ilistahili. Nawalinganisha kwa sababu ya kitu kimoja kilichowatenganisha wagonjwa wao. Berlin alikuwepo Virchow. Palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kupasua maiti, kutazama, na kumwambia mkubwa mwenzake hadharani kwamba dawa yako haifanyi kazi. Ilichukua miezi michache, na watu walikufa katika miezi hiyo, lakini jibu lilipatikana na likaandikwa. Mahenge aliyejaribu dawa na aliyeipima alikuwa mtu mmoja, na hakurudi kusimulia.

*

Foleni iliyofuata kizazi changu kinaikumbuka. Mapema mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alianza kuvuta taifa zima. Alisema Mungu alimwonyesha dawa ndotoni. Ilikuwa mizizi ya mti wa mugariga iliyochemshwa, kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa Ukimwi, kisukari, saratani, pumu, presha. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda maskini na walikwenda wakubwa wa serikali. Ilipofika mwishoni mwa Machi iliripotiwa kwamba watu 52 walikuwa wamefia foleni, na Babu mwenyewe akaomba watu wasitishe kuja kwa muda.

Shilingi 500 si bei ya tapeli. Hilo liliwafanya wengi waamini, na sioni sababu ya kudhani kwamba mzee yule hakuyaamini aliyoyasema. Lakini nako kulikuwa na sharti: dawa ilikuwa na nguvu kutoka mkononi mwake tu. Mtu angeweza kuchemsha mugariga uleule kwake, na ukishindwa, alikuwa na maelezo tayari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watu wanaoishi na VVU kaskazini mwa Tanzania uligundua kwamba waliokwenda Loliondo walikatiza dawa zao zaidi ya wasiokwenda. Mzee Masapila alifariki mwaka 2021. Barabara ya Samunge ilikuwa imeshatulia zamani.

*

Kwa nini maumivu sugu ndiyo mawindo mazuri kuliko yote? Jibu liko ufukweni Kivinje, kila siku mara mbili.

Maumivu ya viungo, ya mgongo, ya seli mundu, hujaa na kupwa. Kuna wiki mtu hawezi kufunga kifungo cha shati, kuna wiki anakwenda shamba. Sasa, mtu huenda kutafuta dawa siku gani? Si siku anayojisikia nafuu. Huenda wakati wa bamvua, maji yamejaa hadi kizingitini, amekata tamaa, yuko tayari kuuza mbuzi. Anakunywa dawa. Kesho kutwa maji yanapwa, kama ambavyo yangepwa hata asingekunywa kitu. Lakini yeye ameshamwona mtu aliyesimama ufukweni na kuyaamrisha yarudi.

Huyo mgonjwa hasemi uongo anapotoa ushuhuda. Kweli alipata nafuu. Ndiyo maana ushuhuda, hata wa mtu mwaminifu kama Bibi yangu, hautoshi kupima dawa. Kinachotosha ni kuwachukua watu wengi, nusu wapewe dawa, nusu wapewe kitu kinachofanana nayo, wasijue nani kapata kipi, kisha kuhesabu. Ni kazi ya kuchosha, haina kipaza sauti. Lakini ndiyo njia ya kutofautisha dawa na kupwa kwa maji.

Na si kwamba mitishamba haina kitu. Gome la mti lilitupa kwinini. Uchunguzi wa gome la mti mwingine, huko Ulaya, ulifungua njia ya kuelekea aspirini, iliyotengenezwa katika maabara za Bayer mwaka 1897. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza la kusimamia na kusajili waganga na dawa zao. Mganga anayesajiliwa, anayesema mti wake ni upi, anayekubali dawa ipimwe, na anayemwambia mgonjwa "hili siliwezi, nenda hospitali", huyo ni mtabibu. Ukimwona anayetibu maradhi kumi na manne kwa chupa moja, anayeficha kilichomo, anayekukataza kumwona daktari, na ambaye ana orodha ndefu ya vitu usivyotakiwa kula, soma orodha hiyo kwa makini. Ile siyo sehemu ya dawa. Ni utetezi wake, umeandikwa kabla ya kesi.

Lakini itakuwa dhuluma kumaliza kwa kuwakemea wagonjwa. Chupa ile ilipata nafasi kwa sababu kulikuwa na nafasi. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini hupata tani 0.1 tu. Mofini si dawa ya magoti ya Bibi. Ni ya mwenye saratani na maumivu makali mengine. Lakini tarakimu hizo zinaonyesha maumivu ya maskini yanachukuliwaje. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na seli mundu, na pwani ni mojawapo ya maeneo yenye ugonjwa huo kwa wingi. Wale wanaolia usiku mifupa ikiwauma, wakipelekwa mahali ambapo hapatoki zaidi ya bahasha ya vidonge na maneno "ndiyo uzee" au "vumilia", watakwenda wapi? Kijana wa mnadani alimsikiliza Bibi kwa nusu saa. Alimshika goti. Alimwita mama. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo miaka kumi.

*

Nilirudi Kivinje miezi minne baadaye. Uso wa Bibi umepungua, umerudi kuwa wake. Steroidi walimpunguzia polepole, sukari inashuka. Amefundishwa mazoezi ya kuimarisha mapaja, huyafanya akiwa amekaa kitini, akilalamika kwamba ni mchezo wa watoto. Ana mkongojo, ana vidonge kwa siku mbaya. Magoti bado yanauma. Hakuna aliyemwahidi kwamba yataacha.

Nilimweleza habari za Ngarambe. Nyingi alizijua kuliko mimi, maana babu yake alikuwa Mmatumbi. Lakini nilipofika kwenye miiko, kwamba walioanguka walisemwa wamelala na wanawake, wamepora, alinyamaza muda mrefu.

"Kumbe na wao waliambiwa hivyo," alisema.

"Na wao, Bibi."

"Na mama zao wakaamini?"

Sikujua nimjibu nini. Alikaa akiusugua mkongojo kwa kiganja. Kisha akaniomba nimpe mkono ainuke, akataka tuvuke barabara hadi kwa jirani yake, mmoja wa wale wanne aliowaelekeza kwa kijana. Tulimkuta uani anachambua mchele, uso umeanza kuwa mviringo.

Baada ya salamu Bibi alikaa kando yake kwenye mkeka, akaanza na jambo la muhimu, kama daktari alivyomsisitizia: asiiache dawa leo, wala asinunue nyingine, kesho waende hospitali pamoja, na chupa waichukue. Jirani akakataa kwa aibu. Akasema tatizo ni lake, siku ile ya mfungo alikamulia ndimu kwenye mchuzi, alikuwa amesahau.

Bibi akamshika mkono. "Hukukosea kitu," akamwambia. Akarudia tena, polepole zaidi, na sidhani kama alikuwa anamwambia jirani peke yake.